Zabibu Pembeni mwa Sahani

Atlixco, Jumatatu, 1 Septemba 1986

Wifi Remedios,

Sikuulizi hali, maana hali yako niliiona jana kwa macho yangu mawili, saa tisa ya mchana, katika mkahawa wa Kasuku Watatu.

Wewe hukuniona. Nilikuwa meza ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, mimi na wanawake watano wa chama chetu cha parokia. Tulikuja Puebla kwa sikukuu ya Mtakatifu Ramón, kutundika makufuli kwenye sanamu yake ili awafunge midomo wanaotusengenya, kama tufanyavyo kila mwaka. Unajua mimi siku hiyo huwa sikai nyumbani. Baada ya Misa wenzangu wakasema twende tukale pilipili zilizojazwa nyama na zabibu, za mchuzi wa kokwa za jozi, kabla msimu haujaisha, na mimi mjinga nikakubali.

Nikaona mtandio mwekundu. Nikasema moyoni, mwanamke yule anafanana na mke wa marehemu ndugu yangu, ila mke wa marehemu ndugu yangu amevaa nyeusi mpaka tarehe kumi na tisa Oktoba. Kisha ukageuka. Ulikuwa unacheka, Remedios. Marimba inalia, watoto wanakimbizana chini ya meza, kasuku anaitisha bia, na wewe unacheka huku umemshika mkono mwanamume aliyenipa mgongo.

Halafu wahudumu wakaja na ile kofia yao pana kama ungo, wakamvika, wakamwimbia wimbo wa kuzaliwa. Jina walilomwita lilimezwa na marimba. Wakamwekea kastadi ya bure. Mchezo ule ni wa Fermín. Ni Fermín aliyekuwa akiwadanganya wahudumu wale kwamba leo kazaliwa, apate kastadi. Mtu alizaliwa mara tano kwa mwaka. Umemfundisha mwanamume wako mpya hata uongo wa ndugu yangu.

Nikitoka nilipita kando ya meza yenu. Ulikuwa umeinama unatafuta kitu mkobani. Yeye kofia ilikuwa imemfunika mpaka puani, kwa hiyo niliona sahani yake tu. Mtu mzima, na amechambua zabibu zote kutoka kwenye nyama, akazipanga pembeni mwa sahani moja moja kama rozari. Hata kula hakufundishwa. Tangu nijue kusema nimewatakia mlo mwema watu wa kila meza ninayoipita, hata walevi, hata askari. Kwenu nilipita kimya, na sijuti.

Msalaba wa Fermín uko kwangu. Mlinichagua niwe mama wa msalaba, ulale nyumbani kwangu mwaka mzima, na siku ya mwaka niulete usimikwe kaburini. Fikiria mwenyewe kama nitaubeba kwenye basi kutoka huku mpaka huko, nije niusimike mbele ya mwanamke mwenye mtandio mwekundu.

Herlinda Tecuapetla,
dada wa marehemu


Puebla, Jumamosi, 6 Septemba 1986

Wifi yangu Herlinda,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Yote uliyoyaona ni kweli. Nitakujibu ninayoweza kujibu.

Mtandio aliununua Fermín mwenyewe, sokoni, mwaka ule mvua ilipobomoa ukuta wetu wa nyuma. Nilimgombeza kwamba tunahitaji matofali. Akasema matofali hayapendezi mabegani. Niliuvaa saa tatu tu Jumapili ile, kwa sababu aliyekuwa nami mezani aliniomba siku hiyo moja nisije na nyeusi. Nikarudi nyumbani, nikaukunja, nikavaa nyeusi yangu, na ndiyo niliyovaa sasa ninapokuandikia.

Kicheko nacho ni kweli. Kilikuwa cha kwanza tangu Oktoba. Yule mhudumu mzee, Eleuterio, alikuja akauliza nani kazaliwa leo, nikamwonyesha, naye akaniuliza kwa sauti ya chini kama ya padri kwenye kitubio, "Bibi, leo ni kweli, au ni kwa mtindo wa Don Fermín?" Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, ndiyo maana nilikuwa natafuta leso mkobani ulipopita. Sasa naelewa kwamba ulipita. Laiti ungesimama kidogo.

Unakumbuka alivyokuwa akila ile kastadi? Kwa mgongo wa kijiko, taratibu, na kipande cha mwisho akinisogezea mimi akisema ameshiba. Hakuwahi kushiba maishani mwake. Nimekuwa nikikumbuka kile kipande kuliko ninavyokumbuka harusi yetu.

Huyo mtu si mchumba wangu. Jina lake siwezi kukutajia. Niliahidi, na wa kwanza kuniahidisha alikuwa Fermín. Nakuomba uamini hivyo bila mimi kuongeza neno.

Kuhusu msalaba, fundi ameshamimina saruji kaburini na kuacha tundu la kuusimika. Mvua hulijaza kila jioni, kwa hiyo nimelifunika kwa kopo la maziwa na jiwe juu. Nikienda Ijumaa naliinua kopo natazama. Ni tundu dogo, Herlinda, lakini halinipi usingizi. Leta msalaba wake. Kunitukana unaweza kuendelea kunitukana baadaye.

Wifi yako,
Remedios


Atlixco, Ijumaa, 12 Septemba 1986

Remedios,

Ndiyo, nitaendelea, na sisubiri baadaye.

Umemtia marehemu maneno kinywani kwa sababu hawezi kuyakanusha. Fermín alikuahidisha umfiche mwanamume! Ndugu yangu hakuweza kuficha hata zawadi za Krismasi. Alikuwa akija kwangu kila Jumapili kula supu, na kabla hajakaa nilishajua alikotoka, alichokula na nani kamuudhi. Angekuwa na siri ningeinusa kwenye koti lake.

Wenzangu wa chama wamenisikitikia. Sikuwaambia mimi, walikuona wenyewe. Njia nzima ya kurudi walikuwa wananitazama kwa huruma, na huruma ya wanawake wale mimi naijua ladha yake. Nilishailamba miaka minane iliyopita, mwanangu alipotoka seminari zimebaki wiki tatu apewe upadri. Kasula, joho lake la kusomea Misa, nilikuwa nimeshamtarizia, nyuzi za dhahabu, miezi saba ya macho yangu. Mtaa mzima ulikuwa umealikwa. Alikuja mlangoni na sanduku lake akasema hawezi. Nikamwambia basi sina mtoto, na nikawaambia hivyo majirani wote, mmoja mmoja. Sijamwona tena. Kwa hiyo usidhani nitashindwa kukufungia mlango wewe, ambaye sikukuzaa.

Jumapili iliyopita nilirudi Puebla peke yangu. Nilitundika kufuli la pili kwa mtakatifu, lenye utepe na jina lako juu yake kwa wino mweusi. Akufunge mdomo usiendelee kumsingizia maiti.

Msalaba nimeuweka kabatini, umelala juu ya kile kitambaa kingine ambacho nacho hakikutumika. Vinafaana. Kopo lako la maziwa liache hapo hapo.

Herlinda


Tehuacán, Jumamosi, 20 Septemba 1986

Mkazamjomba Reme,

Hapana.

Nimesoma ombi lako mara mbili, mara moja kabla sijawasha tanuri na mara moja baada ya mikate kutoka, nikidhani labda joto litanilainisha. Jibu ni hapana. Usimwambie ni mimi.

Hujui kilichotokea pale mezani kwa sababu ulikuwa umeinama unatafuta leso. Mimi niliona viatu vyake. Vyeusi, vya kifungo cha pembeni, na cha kushoto kimeshonewa uzi wa buluu. Uzi ule niliushona mimi, likizo yangu ya mwisho, kwa sababu mweusi ulikuwa umeisha. Mama alinicheka kwamba nitakuwa padri wa kwanza Mexico mwenye cheti cha ufundi viatu. Miaka minane, na bado anavivaa.

Nilivuta kofia chini. Woga, kama mtoto. Kisha nikasubiri. Mama yangu hajawahi kupita meza ya watu wanaokula bila kuwatakia mlo mwema, unamjua. Nilijiambia, akisema tu yale maneno mawili, hata kama anayasema kwa mgeni, nitavua kofia. Viatu vikasimama, nakuapia vilisimama muda wa Salamu Maria nzima. Kisha vikaondoka.

Alinijua. Alinijua, akaninyima hata kile anachowapa walevi. Basi msalaba akae nao. Mjomba hakuhitaji chuma ili Mungu amjue. Nitakuja tarehe kumi na tisa na mkate, nitasimama kwenye lango la makaburi kama nilivyosimama siku ya maziko, na watu wakishaondoka nitaingia.

Wewe usilie. Unga tulioupata wiki hii ni mbaya, vinginevyo mimi ni mzima.

Ramón


Puebla, Jumatano, 24 Septemba 1986

Ramón mwanangu,

Ahadi yangu kwako ilikuwa nisimwambie mama yako kuhusu wewe. Sikuahidi kutokuambia wewe kuhusu yeye. Nimeikalia tofauti hiyo siku tatu, nikauliza na picha ya mjomba wako, naye hakupinga.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua yake ya kwanza. Ina matusi dhidi yangu, yaruke ukitaka. Nenda moja kwa moja pale anaposema alipita mezani. Hakukujua, mwanangu. Alikuona mgongo wa mwanamume mnene, maana tangu uingie kwenye mikate umenenepa, usikatae. Alidhani wewe ni mchumba wangu. Kimya kile alikuwa akininyima mimi.

Lakini soma anachosema kuhusu sahani. Alisimama kwa ajili ya zile zabibu. Ameziandika vizuri kuliko alivyouandika mtandio wangu. Anadhani anakudharau, na huku amekuelezea jinsi ulivyokuwa ukila ukiwa na miaka sita.

Kuna jambo jingine limeniuma usiku kucha. Miaka yote ile pale mezani, ulikuwa ukizipanga na mjomba wako anazila huku anaongea, bila kutazama, kama mtu anayekula karanga. Sahani yako ilikuwa ikiondoka safi. Mwaka huu zilibaki, kwa sababu hakukuwa na wa kuzila. Mimi sikugundua. Aliyezigundua ni mama yako, aliyekuwa anapita kwa hasira.

Siwezi kumwandikia tena. Nikimwandikia nitasema. Kwa hiyo nanyamaza, na anadhani nimeshindwa. Uamuzi ni wako.

Kula vizuri, lakini si sana.

Reme


Atlixco, Alhamisi, 2 Oktoba 1986

Remedios,

Wiki tatu hujaandika. Kufuli limefanya kazi.

Nimezungumza na padri wetu. Misa ya mwaka ya ndugu yangu itasomwa hapa Atlixco, saa nne asubuhi, tarehe kumi na tisa, na msalaba utakuwa mbele ya altare pamoja na watu waliomlilia kweli. Baada ya hapo utarudi kabatini. Wewe huko fanya Misa yako na huyo mlaji wako. Msalaba wa mbao seremala yeyote atakutengenezea, asubuhi unaagiza jioni unachukua.

Usijibu. Ulivyonyamaza ndivyo inavyofaa.

Herlinda


Tehuacán, Alhamisi, 9 Oktoba 1986

Mama,

Mtu wa kofia nilikuwa mimi.

Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu unaweza kuchana barua kabla hujafika. Kastadi haikuwa ya uongo. Ilikuwa tarehe thelathini na moja Agosti, nilitimiza miaka thelathini na miwili, na jina lililomezwa na marimba ni lile ulilonipa wewe kwa sababu nilizaliwa sikukuu ya huyo mtakatifu unayemtundikia makufuli.

Mjomba Fermín alikula nami mezani pale kila mwaka tangu nilipotoka seminari. Alisema mtu asile peke yake siku aliyozaliwa. Mara tatu aliniomba nimruhusu akuambie, mara tatu nilikataa, akanyamaza mpaka akafa. Mwaka huu nilidhani meza imekwisha. Mkazamjomba akaniandikia kwamba ameshaweka nafasi.

Yeye hajakusaliti wala hajamsaliti mjomba. Alikuwa na jina moja tu la kukutajia ili umwombe radhi, na hakulitaja, kwa sababu nilimkataza. Umemtukana mwezi mzima kwa kosa langu. Alinitumia barua yako ili nijue kwamba hukunitambua. Mimi nilidhani ulinitambua, maana ulisimama kando ya meza yetu.

Sikuombi msamaha wa seminari. Ningekuwa padri mbaya, na wewe ungekuwa unaketi mstari wa mbele ukiona. Ninachoombea msamaha ni kwamba nilikuacha peke yako na majirani. Hilo nilifanya vibaya.

Ninaoka mikate. Nina chumba kimoja na paka asiye wangu. Zabibu bado sizili.

Mpelekee mjomba msalaba wake. Nitakuwa langoni. Unaweza kupita.

Ramón


Atlixco, Jumanne, 14 Oktoba 1986

Wifi Remedios,

Nina hasira nawe kuliko mwanzo, na usitegemee zitaisha haraka.

Miaka minane. Miaka minane ndugu yangu anakula na mwanangu, na mimi nimepiga magoti mbele ya sanamu mitaa miwili tu kutoka mkahawani, ninatundika kufuli. Unajua tepe zile zilikuwa na majina ya nani? Ya majirani waliokuwa wakimsema Ramón. Kila mwaka mmoja, nilianza na aliyecheka kwa sauti zaidi. Nikishatundika ninakwenda kukaa kwenye benchi mpaka basi lije, kwa sababu nyumbani siku hiyo sipawezi. Na Fermín Jumapili inayofuata anakuja kwangu, anakula supu yangu, anaomba aongezewe, hasemi. Na mimi nilikuwa najisifu kwamba namnusa kwenye koti. Ukienda kaburini Ijumaa mwambie namsubiri aamke nimchape.

Kijana anasema nilisimama. Nilisimama. Nilijiambia nimesimama ili niione aibu yako vizuri. Lakini nakuandikia jambo ambalo hata padri sijamwambia. Mkono wangu ulikuwa unataka kwenda kwenye ile sahani. Nilishikilia mkoba kwa mikono miwili. Nilizila zabibu zake tangu alipoota meno mpaka alipopanda basi la seminari, nikisimama hivyo hivyo nyuma yake, nimevaa aproni. Mkono ulikumbuka, mimi mwenyewe sikukumbuka.

Sikiliza sasa. Misa ya huku nimeivunja, na padri amenikasirikia. Nitapanda basi la saa moja Jumapili na msalaba, nimeufunga kwa ile kasula, kwa sababu ndicho kitambaa kizuri kuliko vyote nilivyo navyo na chuma kinachubua. Toa kopo, kausha tundu kwa kitambaa, usimwachie fundi. Baada ya makaburi weka meza ya watu watatu pale Kasuku Watatu. Najua pilipili za jozi msimu wake umekwisha, tutakula kilichopo. Mwambie huyo mzee Eleuterio kwamba hakuna aliyezaliwa, na asilete kofia. Nataka kuona uso.

Njoo na mtandio wa Fermín. Mwaka utakuwa umekwisha.

Kijana sijamjibu. Nimekaa mbele ya karatasi siku tatu, nikiandika jina lake mkono unasimama. Nitamwambia langoni, au sitamwambia, sijui.

Ndani ya bahasha kuna ufunguo mdogo. Ni wa kufuli lenye jina lako. Nenda ukalifungue mwenyewe, mimi naona haya mbele ya mtakatifu. Kisha kaa chini uniandikie, na barua umpe dereva wa basi la asubuhi, nitaisubiri stendi. Niandikie chumba chake kiko wapi. Nani anamfulia. Huyo paka ni wa rangi gani. Mgongo wake umepanuka lini kiasi kwamba mimi sikuujua. Anza na mwaka wa kwanza, alivaa nini, aliagiza nini, alisema nini kuhusu mimi, hata kama ni kibaya, na usiruke mwaka hata mmoja. Ifike kabla ya Jumapili, nisije nikasimama mbele ya mwanangu kama mgeni.

Herlinda